Mapacha wa Uwanja wa Madobi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na mjukuu wangu ili niandike saa ya kuingia kazini na saa ya kutoka. Nimeingia saa moja na nusu. Nimetoka saa kumi. Hiyo imekwisha, ukurasa bado mtupu, na mimi si mtu wa kutupa karatasi.

Kazi yenyewe ni kuosha vigae. Katikati ya mji wamebomoa maghala ya zamani ili wajenge maduka, na kabla ya kujenga, watu wa chuo kikuu wamepewa msimu huu mmoja wa mvua wachimbe waone chini kuna nini. Chini kuna sahani zilizovunjika na chupa zilizovunjika. Mimi na Mke wa Seremala tumekaa chini ya bati, kila mmoja na ndoo yake na mswaki wake, tunasugua. Mjukuu wangu, aliye mwaka wa mwisho chuoni, anaandika tunachosugua. Ndiye aliyenitafutia kazi hii. Ni mrefu na mwembamba, upepo ukivuma nashika moyo. Namwita Kimbaumbau. Yeye ananiita mke mwenzangu, anadai marehemu babu yake alimpenda yeye zaidi. Mwongo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Matope. Mkuu wa kazi ni Profesa. Ana miwani mbili, moja machoni na moja utosini, na mchana kutwa anauliza nani kaona miwani yake. Nimempa jina: Miwani Mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Kimbaumbau ametufundisha sheria. Kila mfuko wa vigae una karatasi yake, lebo, inayosema vimetoka shimo gani na kina gani. Osha mfuko mmoja, anika kwenye sinia moja, lebo ilale humohumo. Kigae kikiachana na lebo yake, amesema, kimekuwa yatima, hakuna wa kukiamini tena. Mke wa Seremala akauliza, hata kikiwa kizuri? Hata kikiwa kizuri.

Nikasema kumbe ni kama watu.

Jumanne, 12 Machi

Leo wametoa beseni la jiwe. Kubwa, mtu angelala ndani. Ukingo wa upande mmoja umelika, umebonyea, jiwe limekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Nilisimama na mswaki mkononi nisijue kwa nini nimesimama. Nikarudi kukaa, nikaingiza mkono kwenye ndoo, nikashika kigae cha sahani ya maua ya buluu, kimechongwa duara, kisha kimevunjwa katikati. Karibu na ukingo kina tundu la msumari. Vidole vilijua kabla ya kichwa.

Hapa ndipo ulipokuwa uwanja wa madobi. Mama yangu alifua hapa miaka kumi na tisa. Mimi nilikaa chini ya beseni kama hilo, maji ya sabuni yakinidondokea utosini. Walipotufukuza ili wajenge maghala nilikuwa na miaka kumi na moja, na mji ukageuka hata nimepita barabara hii maisha yangu yote bila kujua ninakanyaga nini.

Niandike vizuri, maana aliyebaki anayejua ni mimi. Madobi hawakujua kusoma, na wateja wengi hali kadhalika. Basi dobi alichukua kipande cha sahani iliyovunjika, akakichonga duara kwa koleo, akakisugua kwenye jiwe, akatoboa matundu mawili, akakivunja katikati. Nusu moja aliifunga kwa uzi kwenye furushi la nguo. Nusu ya pili alimpa mwenye nguo. Siku ya kuchukua, mwenye nguo analeta nusu yake, dobi anaziunganisha. Zikikaa, chukua furushi lako. Zisipokaa, nenda kamwibie dobi mwingine. Hakuna mvunjiko unaofanana na mwenzake duniani. Nguo za kutiwa wanga zilipewa kioo cha kitako cha chupa, nguo za kawaida zilipewa sahani, ili dobi ajue bila kuuliza. Kazi ikiisha nusu zote mbili zilirudi koponi kungoja furushi jingine. Tuliziita mapacha.

Mama hakupoteza hata soksi ya mtu.

Jumatano, 13 Machi

Nimeamka na furaha ya kijinga, nikavaa kitambaa kipya cha kichwa, nikaenda moja kwa moja mezani kwa Profesa. Alikuwa na wanafunzi wake sita na Kimbaumbau, wameizunguka ile nusu. Nikawaeleza yote, mabeseni, furushi, mapacha, wanga. Niliongea kwa adabu. Miwani Mbili alinisikiliza kama mtu anayesubiri basi. Nilipomaliza aligeuza kigae kingine cha sahani ileile, akanionyesha muhuri wa kiwanda chini yake.

"Bibi," akasema, "hadithi yako tamu. Lakini muhuri huu una zaidi ya miaka mia. Wewe ulikuwa hujazaliwa, na mama yako vilevile. Tafsiri tuachie sisi. Wewe osha."

Wanafunzi wakacheka. Hilo ningelivumilia, vicheko vya watoto wa watu havinitoboi ngozi. Lakini nilimtazama Kimbaumbau, na yeye alikuwa anacheka. Kile kicheko cha kufunika mdomo, cha kuwaonyesha waliocheka kwamba yuko upande wao. Kisha akaniambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto mchanga: "Bibi, nenda ukae, utachoka."

Nikaenda nikakaa. Kutoka pale chini ya bati nilisikia Miwani Mbili akiwaeleza wanafunzi ukweli wake. Kwamba yale ni mabirika ya kujitakasa. Kwamba wanawake walikuja hapa kuvunja sahani kwa ajili ya kufunga watu, kufunga mume asitoke, kufunga adui asizae, nusu wakaiacha hapa na nusu wakaenda kuizika na maiti. Sahani kwa wanawake, kioo kwa mizimu ya kiume. Wanafunzi wakaandika.

Yaani mama yangu, aliyekufa na vidole vimechubuka kwa magadi, leo ni mchawi. Na anayeandika ni damu yake.

Sahani ilikuwa kuukuu kabla haijavunjika. Tajiri aliitupa, maskini akailia chakula kwa miaka, mtoto akaivunja, ndipo ikafika kwa dobi. Muhuri unasema sahani ilizaliwa lini, hausemi udobi ulianza lini. Mimi nina tarehe yangu ya kuzaliwa, lakini kuosha vigae nimeanza wiki iliyopita. Hilo lilinijia nikiwa njiani kurudi nyumbani. Jibu zuri hungoja ugomvi uishe ndipo lije.

Wewe osha. Haya. Nitaosha.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeosha.

Jumatatu, 18 Machi

Leo katika ndoo yangu, mfuko mmoja, zilitoka nusu mbili za duara moja, maua ya buluu na mstari wa dhahabu uliofifia. Nikaziunganisha chini ya maji, asione mtu. Zikakaa. Tak. Miaka sitini, na bado zinajuana.

Ningemwita Miwani Mbili palepale. Badala yake nikajitia hamnazo. Nusu moja nikaianika kwenye sinia na lebo yake, kama nilivyofundishwa. Nusu ya pili nikaidondosha kwenye gunia la vifusi, lile la vipande vya matofali na uchafu ambalo watalifukia shimoni mwisho wa kazi. Sijaiba. Haijatoka uwanjani. Imelala tu kitanda kingine.

Anataka nusu zisizo na wenzake. Nitampa. Nitampa mpaka ashibe, na siku akiwa ameshiba mbele za watu, ndiyo siku nitakapomwagia pacha wote mezani. Atakiona kilichomtoa kanga manyoya.

Alhamisi, 21 Machi

Pacha wawili leo. Mmoja wa kioo, kijani. Mvua tangu asubuhi. Kiti cha Miwani Mbili nimekisogeza kidogo, pale bati linapovuja. Kidogo tu.

Jumatano, 27 Machi

Mke wa Seremala amesema ameniona. Nikamuuliza ameona nini. Akanitazama, akatazama gunia, akasema hajaona. Mwanamke mwenye akili.

Vile vilivyo guniani nimevifunga kwenye kitambaa changu cha zamani visichanganyike na matofali. Pacha tisa.

Jumanne, 2 Aprili

Miwani Mbili amehesabu. Nusu ishirini na sita, na hakuna hata moja yenye mwenzake. Alikuwa anatembea mashimoni na viatu vimejaa maji bila kujua. Amesema hilo haliwezi kuwa bahati, hilo ni makusudi. Kweli kabisa, mwanangu. Ni makusudi.

Nyumbani, tukila, Kimbaumbau aliniambia kwa furaha kuwa Profesa amempa yeye sura inayohusu nusu hizo aiandike. Utafiti wake wote wa shahada utasimama juu ya nusu zisizo na wenzake. Kijiko kikanikwama mkononi. Kumpiga Profesa ni jambo moja. Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi niliufungua.

Akanitangulia. "Bibi, nakuomba. Pale kazini usirudie ile habari ya udobi. Watu wakijua tumetoka huko watanionaje?"

Nikaufunga mdomo. Nikamuongezea mchuzi.

Jumamosi, 6 Aprili

Sina la kuandika ila kwamba bado nina hasira.

Jumanne, 9 Aprili

Pacha kumi na tisa. Shimo la tatu limejaa maji, pampu imekufa, wanafunzi wanachota kwa ndoo. Miwani Mbili ameniambia ninaosha vizuri kuliko wote. Nikasema asante Profesa. Nimekuwa kimya kama maji mtungini na yeye anadhani ni heshima.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimelala siku nne kwa kikohozi. Kukaa kwenye maji kutwa si kazi ya mwenye miaka sabini na moja. Kimbaumbau hakwenda kazini siku mbili. Amenipikia uji, amenisugua mgongo kwa mafuta, amenisomea gazeti mpaka matangazo ya vifo, maana anajua nayapenda. Jana aliniosha miguu. Mikono yake ile, mirefu, ina vile vidole vya mama, vilivyopinda kidogo kwenye fundo la mwisho. Sikuwahi kuviona vizuri. Au niliviona nikasahau.

Nimeamua. Nikirudi kazini nitatoa lile furushi guniani, nitamwita pembeni yeye peke yake, nitamwonyesha. Atanikasirikia, itapita. Mtoto ni wangu. Miwani Mbili nitamtafutia njia nyingine.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimerudi kazini. Wamesimamisha ubao mkubwa kwenye uzio, upande wa barabara, kila mpita njia ausome. Umeandikwa kwa herufi nyekundu: WANAWAKE WA VIFUNGO. Chini yake kuna picha ya kuchora, mwanamke mnene, macho yametoka, nywele timutimu, ameinama juu ya beseni na kuvunja sahani, na nyuma yake moshi. Watu wanasimama wanacheka. Mama mmoja alimvuta mtoto wake wasikaribie uzio.

Maneno ya ubaoni yameandikwa na Kimbaumbau. Ameniambia mwenyewe, alitaka nimsifu.

Sikumwita pembeni. Furushi lipo palepale.

Jumatano, 24 Aprili

Thelathini na tatu.

Jumatatu, 29 Aprili

Tumetangaziwa. Jumamosi ni siku ya wageni. Turubai, viti, mkubwa wa mji, watu wa magazeti. Miwani Mbili ataeleza matokeo. Leo ametabasamu hata na Mke wa Seremala.

Ijumaa, 3 Mei

Pacha arobaini na moja. Kazi ya kuosha imesimama ili tufagie. Magunia sita ya shimo la mwisho yamebaki hayajaoshwa, yamefungwa kwa waya na muhuri wa risasi, yatakwenda hivyohivyo chuoni.

Jioni Kimbaumbau alikuja na gauni la kuazima ananiuliza linampendeza. Kesho si Profesa atakayesema. Profesa amempa yeye asimame aseme mbele ya wageni, kama zawadi. Au kama ngao, maana yule bwana si mjinga. Likienda vizuri ni lake, likienda vibaya ni la mwanafunzi.

Nikamwambia gauni linapendeza ila pindo limeshuka. Nikamshonea. Nilikuwa na sindano mkononi na kichwa chake kiko juu yangu, anasoma maneno yake kwa sauti ajizoeze. Ningemwambia pale. Alifika kwenye "wanawake hawa waliogopwa na jamii yao", akarudia mara tatu, kila mara vizuri zaidi.

Nimeshona pindo lote.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua ilikatika saa tatu, wageni wakaja. Viti vyote vilijaa na wengine wakasimama hadi barabarani. Mbele palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na juu yake nusu sabini na tatu zimepangwa kwa safu, kila moja na namba yake. Zilipendeza. Nilizisugua mimi.

Miwani Mbili alimkaribisha mkubwa wa mji, akamkaribisha mjukuu wangu. Na Kimbaumbau akasema. Sitadanganya daftari langu mwenyewe, alisema vizuri. Alisimama wima, hakutetemeka, hakusoma karatasi sana. Mwanamke mmoja karibu yangu akauliza huyu binti wa nani, nikasema wangu, kabla sijafikiri. Moyo ulinijaa hadi shingoni. Nilijiambia, mwache. Ana miaka ishirini na mitatu. Mwache apite, mama amekwisha kufa, hasikii.

Ndipo akafika pale. Kwamba wanawake hawa waliogopwa na jamii yao, na kwamba nusu za pili hazitapatikana kamwe kwa kuwa zilizikwa na watu waliofungwa nazo. Watu wakaguna kwa hofu, ile hofu tamu ya kusikia habari za wachawi wa zamani. Mkubwa wa mji akajivuta nyuma kwenye kiti. Miwani Mbili aliitikia kwa kichwa polepole kama mwenye shamba anayetazama mvua.

Nikasimama. Gunia lilikuwa chini ya kiti changu tangu asubuhi. Nikatoa furushi, nikaenda mbele, nikafungua fundo, nikamwaga pacha arobaini na moja kwenye kitambaa cheupe. Kelele yake! Kisha nikachukua namba kumi na mbili, nikatafuta mwenzake, nikaunganisha. Tak. Nikachukua ya tatu. Tak. Ya hamsini, ya kioo. Tak. Sikusema kitu. Nilipofika ya saba mkubwa wa mji aliinuka, akaomba ajaribu moja. Alihangaika kama mtoto, ulimi nje, na ilipokaa akaiinua juu watu waione. Wakapiga makofi. Wengine wakaja mezani, nao wakataka kujaribu.

Ndipo nikasema. Nikaeleza furushi, uzi, wanga, mapacha. Nikasema mwanamke aliyechorwa pale kwenye uzio hakufunga mtu. Alifunga nguo, akazirudisha safi.

Miwani Mbili alikuwa amepauka, lakini akili haikumtoka. Alichukua nusu moja, akaigeuza, akaiweka chini.

"Bibi, hizi hazina lebo. Umezitoa wapi? Nani atatuthibitishia hukuja nazo kutoka nyumbani?"

Nikasema zimetoka hapahapa, nimeziweka kwenye vifusi mimi mwenyewe. Akauliza nani aliniona. Nikamtazama Mke wa Seremala. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Na hapo, katikati ya makofi, nikaelewa nilichokifanya. Wiki saba nimekaa namuunganishia mama ushahidi wake, kumbe naukata. Nilizitenga na lebo zao kwa mkono wangu, nikazifanya yatima, ili nifurahi siku moja.

Kimbaumbau hakuwa amesogea. Karatasi zake bado zilikuwa mkononi.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku beseni lilipotoka. Kesho yake nilisema mbele yako. Ukacheka."

Alikunja karatasi mara mbili, akaziweka juu ya meza, akaenda. Alipita katikati ya viti, watu wakampisha. Pindo lilikuwa sawa.

Jumapili, 5 Mei

Hakulala hapa. Ametuma rafiki yake aje achukue nguo. Rafiki hakukaa hata maji anywe.

Gazeti limeandika: BIBI AMUUMBUA PROFESA. Picha yangu ipo, mdomo wazi, kama nimeuma limau. Majirani wamekuja kunipongeza mmoja mmoja. Nimelikata nikalitundika.

Jumatatu, 6 Mei

Karani wa chuo amekuja kuniambia nisirudi kazini. Nikamwambia kazi imekwisha, ananifukuza wapi. Akasema ameambiwa aje aseme tu. Nikampa chai.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua kubwa. Kimya. Nimefua mashuka yasiyo machafu.

Nimesikia kuwa Kimbaumbau ameandikiwa arudie mwaka. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na wanapolisema huwa hawafikirii kuwa wao ndio kinachokula. Nilirusha jiwe kwa Miwani Mbili likapita juu ya kichwa chake, likampata aliyesimama nyuma yake. Lakini nikiulizwa ningefanya nini tena, ningesimama. Ubao ule ulikuwa pale barabarani, na yule mwanamke amechorwa na macho yale. Ningesimama.

Ila ningemwambia kwanza usiku ule wa pindo. Basi. Nimeandika, sitasema.

Jumanne, 14 Mei

Leo mlango umegongwa, na ni nani? Miwani Mbili, miwani zote mbili zimejaa mvua, na kilo mbili za sukari kwenye mfuko. Nilimwacha kizingitini kidogo, maji ya paa yakimwingia kolani, nikijidai natafuta ufunguo. Mlango wangu hauna ufunguo.

Alikaa. Alinisifu nyumba, akanisifu kikombe. Ubao wameshaushusha, akasema, kana kwamba ameniletea maua. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Wenzake wa vyuo vingine wamesoma gazeti. Wanamuuliza. Anataka nikae naye siku mbili tatu, ana chombo cha kunasa sauti, nimweleze yote ya udobi, aandike upya. Jina langu litatajwa mwishoni, kwenye shukrani.

Nilimwacha asubiri. Nilikunywa chai yangu mpaka mashapo ya chini.

Nikamwambia nitasema. Lakini si kwake. Nitamwambia mjukuu wangu, yeye aandike, na kitabu kiwe na jina lake mbele, peke yake. Na ile ya kurudia mwaka ifutwe. La sivyo nitaifia kimya, na mwakani atasimama mbele ya wenzake na mwanamke wake mwenye macho yaliyotoka.

"Lakini yeye bado ni mwanafunzi," akasema.

"Na mimi ni muosha vigae. Tutaelewana."

Nilimtazama anavyomeza, kooni, kile kitu kinapanda na kushuka. Nimekula vyakula vingi maishani na hakuna kilichowahi kuwa kitamu hivyo. Alipotoka sukari ilibaki.

Jumatatu, 20 Mei

Karani ameleta habari kuwa Miwani Mbili amekubali, na barua ya kurudia mwaka imefutwa. Lakini Kimbaumbau naye ana sharti lake. Hataandika neno langu hata moja mpaka magunia sita yaliyofungwa yafunguliwe mbele ya mashahidi, yaoshwe, na ionekane kama kuna pacha ndani. Pacha wenye lebo. Zile arobaini na moja hatazigusa.

Mkali. Nilimwambia karani amwambie amefikiri vizuri. Kisha nikamwambia asimwambie.

Alhamisi, 23 Mei

Ukumbi wa chuoni. Mashahidi watano, ndoo mpya, mimi nimekatazwa kugusa. Nimekaa kwenye kiti nyuma ya kamba kama mshtakiwa. Mke wa Seremala ndiye aliyeosha, na kwa kunitazama jinsi alivyonitazama, alikuwa anaomba radhi kwa kila kigae. Kimbaumbau alisimama upande wa pili na daftari. Hakunisalimia, ila alipopita alipiga goti kidogo, nusu ya goti, kama mwili umesahau kuwa umenuna.

Gunia la kwanza, hakuna. La pili, nusu tatu, hazijuani. La tatu, la nne, hakuna. Nilianza kuwaza kwamba pacha wote wa dunia nilikwisha kuwaua mimi, kwamba mama hana tena shahidi.

Gunia la tano, chini kabisa, maua ya buluu. Mke wa Seremala alizishika moja kila mkono, akaomba ruhusa kwa macho. Nikaisikia kutoka nyuma ya kamba.

La sita likatoa wengine, wa kioo. Jozi mbili tu kwa magunia yote sita. Miwani Mbili alisaini kuwa ameona. Aliitafuta miwani yake kwanza.

Jumatano, 29 Mei

Mvua zimekwisha. Mashimo wameshayafukia, tingatinga zimeingia.

Kimbaumbau amekuja saa nne. Hakuja kama mtu wa nyumbani, amekuja kikazi, akakaa kiti cha wageni, akaweka chombo cha sauti katikati yetu, akafungua daftari. Amekonda zaidi, sikudhani inawezekana. Nilimwekea chai, akasema asante Bibi kama mtu wa sensa.

Kabla hajaniuliza lolote alisema anataka nijue jambo. Kitabuni zile nusu arobaini na moja ataziandika moja moja, na mbele ya kila moja ataandika mahali hapajulikani. Na ataandika kwa nini hapajulikani, na kwa sababu ya nani. Hatanificha.

Nikamwambia aandike. Nikamwambia aandike pia aliyecheka. Akasema ameshaliandika hilo, liko ukurasa wa kwanza.

Hatukukumbatiana. Sisi si watu wa hivyo. Akabonyeza chombo, taa nyekundu ikawaka, akashika kalamu kwa vile vidole vyake.

"Jina la mtoa habari."

"Andika kwanza la mama yangu."

Akaandika. Akauliza aliishi wapi, nikamwambia. Akauliza kazi yake.

"Dobi."

Aliandika bila kuinua kichwa. Nilivuta daftari upande wangu nikaangalia kama ameliandika sawasawa, herufi zote nne, kubwa, kwa wino usiofutika. Ameliandika sawasawa. Kila Miwani Mbili atakapofungua kitabu hicho atakutana nalo kabla ya jambo jingine lolote, na atalisoma mpaka astaafu.

Nikamrudishia. Nikamwambia haya, uliza.